Jiko la Zefania Shemhilu

Alikuwako Mlalo tajiri wa viazi, Zefania Shemhilu, aliyekuwa akiuza jiko kuukuu la kuni, la chuma. Nyufa zake tatu alizikandika majivu, akazipaka dawa ya viatu, kisha akadai mbuzi wa maziwa.

Perpetua Kingazi alikuwa na mbuzi mmoja tu, na wajukuu wake walimtegemea huyo. Alifika naye. Wanunuzi wengine wawili walingoja zamu. Perpetua akagonga mbavu za jiko, akafungua mlango, akanusa.

“Kweli halina ufa, Bwana Zefania?”

“Mama, hata moshi hauoni pa kutokea!”

“Basi halinifai. Nataka kulaza vifaranga, vicheche wananimalizia. Humu watakosa hewa.” Akavuta kamba ya mbuzi, akageuka.

Zefania akaona kiwele kinakwenda zake. “Ngoja, mama! Nani kasema hewa haipiti?” Akachomoa kisu, akakwangua majivu huku na huku, akapenyeza ncha yake katika kila ufa. “Ona! Hata bata mzinga atapumua!”

Wale wawili wakatazamana, wakashika njia ya kwao.

“Nitakupa jogoo,” akasema Perpetua.

“Jogoo? Kwa banda zuri hivi?”

“Banda gani, baba? Mimi nataka kupikia. Udongo wa kichuguu utaziba. Nilichokosa ni kujua nyufa ziko wapi, nawe umenionyesha zote.”

Zefania akatazama njia, hakuona mnunuzi mwingine. Perpetua akafunua kapu lake. Jogoo alikuwamo, amekwisha kufungwa miguu tangu asubuhi.