Somo wa Mtoto Njiti

Hapo zamani, na msinitolee macho, si zamani ya sungura kuposa binti mfalme, ni zamani ya juzijuzi tu, sheria ya kazi ilipobadilika na wengi wetu tukawa hatuna habari, paliondokea mwanamke akiitwa Sikudhani, mbangua korosho katika kiwanda kimoja huko Mtwara.

Sikudhani alijifungua mimba ikiwa ya miezi saba. Mtoto wa kike, njiti, mdogo hata ukimtazama unaogopa kupumua. Nesi akamwambia, "Mama, huyu hana joto lake mwenyewe. Dawa yake ni kifua chako, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana." Sikudhani akamweka kifuani, akamfunga kwa khanga, akasema moyoni: mwanangu, hapa sikutoi.

Lakini homa haina adabu. Ilimpiga Sikudhani hata akawa hajitambui. Mkwewe, Bi Mwanahawa, akavua blauzi palepale wodini, mtu mzima yule, akampachika mjukuu kifuani. "Njoo, mke mwenzangu," akamwambia, "tugombee mume baadaye, kwanza uishi." Akalala ameketi, mgongo ukamkauka, mtoto hakumshusha. Sikudhani alipozinduka akakuta mwanawe ana joto, akalia kwa furaha.

Sasa likizo ikaelekea ukingoni, na mtoto ndiyo kwanza yuko kama aliyezaliwa jana. Meneja akatuma ujumbe: arudi siku ya likizo kuisha, la sivyo kiti chake kina mtu. Ewe msikilizaji, ungefanyaje? Ukienda kazini, mtoto anapoa. Ukibaki, kazi imekwenda, na mtoto atakula nini? Sikudhani alikosa usingizi.

Kiwandani alikuwapo Asumini, jirani yake wa benchi, mwanamke wa maneno. Asumini alikuwa amesikia kwenye mkutano wa chama cha wafanyakazi kwamba sheria imebadilika. Akasimama mbele ya meneja, watu wote wanamwona. "Bosi, mama wa njiti huongezewa siku. Ni sheria, si hisani yako."

"Umesomea wapi sheria wewe?"

"Sijasomea. Nimesikia, na nimeelewa. Wewe je?"

Lo! Meneja akapiga simu kwa mwanasheria wake, akarudi amenywea. Siku Sikudhani akapewa. Ila Asumini akahamishwa kwenye tanuri, kwenye moshi, mafuta ya maganda yakambabua mikono. Hata hivyo hakulifuta neno lake.

Mnadhani yamekwisha? Thubutu! Siku za nyongeza zilipokwisha, mtoto amenona, Sikudhani akarudi, akakuta kwenye kiti chake ameketi binti wa Newala, Stumai. Meneja akainua mikono. "Sheria inakulinda wewe, na huyu naye ana mkataba. Kiti ni kimoja. Pataneni." Mjanja yule! Alitaka wanawake wararuane, yeye anywe chai.

Sikudhani akasimama kando ya benchi. Atamfukuzaje mtu aliyekuja kutafuta riziki kama yeye? Stumai akamtazama kifuani, maziwa yamelowesha gauni. Akaweka kisu chini, akainuka. "Keti, dada. Hiki kina mwenyewe." Akaenda zake kijijini kwao, kuanza upya na jembe.

Sasa ikafika siku ya kumpa mtoto jina. Muda wote walikuwa wakimwita Njiti tu, maana Bi Mwanahawa alikataa apewe jina kabla hajapata nguvu. Na mnajua mila yetu: ukipewa jina la mtu, huyo ni somo wako, hamtupani mpaka kaburini. Sikudhani akataka mwanawe achukue jina la mmoja wa wale watatu waliomsaidia; akawaalika wote, hata Stumai akaja kutoka kijijini, akamwita na sheikh wa kumsomea mtoto jina.

Bi Mwanahawa akasema, "Mtoto wa kwanza wa kike huchukua jina la bibi yake. Na bila kifua changu mngekuwa mnamwita marehemu."

Asumini akacheka. "Shikamoo mama, lakini bibi kumbeba mjukuu ni wajibu wake. Mimi si ndugu. Bila mdomo wangu Sikudhani angechagua kati ya mwana na ugali. Tazameni mikono hii."

"Wajibu!" Bi Mwanahawa akang'aka. "Wajibu una mgongo unaouma?"

Stumai alikuwa akimtazama mtoto tu, mpaka Sikudhani mwenyewe akamwambia, "Sema nawe, mdogo wangu."

"Mimi sikuja kudai. Ila mmeuliza. Bibi alijitolea kwa damu yake. Asumini alijitolea kwa rafiki yake. Mimi nilikuwa simjui huyu dada hata kwa sura, na mimi pia nina mtoto, nilimwacha kwa mama yangu kwa ajili ya kiti kile. Niliinuka tu."

Asumini akaificha mikono yake ndani ya khanga. Sikudhani akawatazama mmoja mmoja, moyo ukamuuma, kwa sababu aliwapenda wote watatu, na mtoto huitwa kwa jina moja. Sheikh akampakata mtoto, akamgeukia mama, akainamisha sikio asikie jina.

Haya, wenzangu, msiropoke. Sheikh anangoja, na mtoto amefumbua macho. Aliyempa kifua, aliyempa mdomo, au aliyempa kiti: nani alistahili kuwa somo wake?