Kinoo Cheusi cha Bi Kiende

Jiwe kali hutia meno, jiwe laini hutia makali. Ndiyo methali mliyoisikia asubuhi, shangazi yenu alipomtuliza kaka yenu aliyetaka kwenda kugomba kwa jirani, nanyi mkataka kujua imetoka wapi. Ilizaliwa hivi.

Zamani, katika milima ya Upare, aliishi mama aitwaye Nakijwa. Mumewe, Mbonea, alikuwa mchinjaji. Mama yake Mbonea, Bi Kiende, alijulikana kwa kutumbua majipu na kutoa miiba iliyozama. Masika moja, Kajiru, mtoto wa pekee wa Nakijwa, aliota jipu chini ya taya. Likakua mpaka likambana koo. Akawa hamezi hata maji, na pumzi zake zikawa za kukoroma.

Bi Kiende akamwangalia, akasema jipu limeiva, lipasuliwe sasa hivi. Ila lilikuwa limelalia mshipa mkubwa, kwa hiyo kisu kilipaswa kupita mara moja tu, bila kukandamizwa. Mbonea akachukua kisu chake kidogo, akakinoa kwa nguvu kwenye jiwe la mchanga, lile la kukwaruza alilolizoea. Punde akakileta kinang'aa. Nakijwa akashusha pumzi.

Bi Kiende akakipitisha juu ya jani la mgomba. Jani likachanika, na kingo za mkato zikabaki na nyuzi. Akatoa kwenye mkoba wake kinoo cheusi, laini kama sabuni, akakilowesha maji, akaanza kunoa upya, taratibu, kama mtu asiye na haraka yoyote.

Nakijwa, aliyekuwa amempakata mwanawe, alihisi hasira ikimpanda.

"Mama, mtoto anakufa. Kisu kimeshanolewa."

"Kimetiwa meno, mwanangu, na meno huuma. Nikikata hivi nitalazimika kusukuma, na mshipa uko papo hapo."

Mbonea akanung'unika kwamba jiwe laini vile haliwezi kula chuma.

"Bila lako lisingeweza," mama yake akamjibu. "Lako limeondoa ubutu. Kazi iliyobaki ni ya hili."

Nakijwa akawa anasikia sauti mbili tu, koo la mwanawe na kisu juu ya jiwe. Ile ya kisu ikazidi kufifia, mpaka ikawa kama mtu anayepapasa hariri. Bi Kiende akagusisha kisu kwenye jani. Jani likagawanyika bila kutikisika.

Akakichovya kisu katika maji yaliyokuwa yakichemka, akainama. Nakijwa alikaza macho, lakini hakuuona mkono ule ukikandamiza. Kajiru hakushtuka wala hakulia. Usaha ukabubujika. Kisha mtoto akavuta pumzi ndefu, safi, mpaka kifua chake chote kikainuka, akafumbua macho na kuomba maji.

Nakijwa alikiokota kinoo, akakishika kwa mikono miwili kama anayepokea kitu kitakatifu. Kilikuwa cha baridi, na hakikumkwaruza popote.

Mbonea alikuwa amesimama mlangoni, vipande viwili vya jani mkononi, kila kimoja kimenyooka kama uzi. Akaongea polepole, kwa sauti ya chini, mkewe akimsikiliza:

"Jiwe kali hutia meno, jiwe laini hutia makali."