Mama, Mkwe na Kinu

Wapendwa, hebu tuache kujipepea kidogo, mnisikilize. Palikuwa na mama mmoja mjane aliyempenda mkwe wake, mume wa binti yake, akampenda mpaka hakuwahi kumtazama usoni.

Vijana mnacheka. Wazee hawacheki, wanajua ninachosema. Kwa watu wa kwao, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani, hawapeani mkono, wala hawapishani mlangoni. Si ugomvi huo, ni heshima. Mkwe akija, mama anaingia jikoni, na mkwe anasimama kwenye lango la ua, mgongo kaugeuzia nyumba. Binti akiwepo anapeleka maneno huku na huku. Asipokuwepo je? Basi wanazungumza na kinu.

Ndiyo, kinu cha kutwangia, kilichokaa katikati ya ua. "Ee kinu," mkwe atasema, "mwambie mama nimeleta kuni." Na kutoka jikoni mama atajibu, "Kinu, mwambie baba asante, ugali wake uko chini ya kawa." Miaka nenda miaka rudi, kinu kile kilibeba salamu, pole, hata utani. Akibaki peke yake, mama alikipangusa vumbi kwa upindo wa kanga huku anatabasamu. Hakujaliwa mtoto wa kiume, na moyoni alijua kwamba Mungu amempa huyu. Ila hakuwa na namna ya kumwambia.

Kikaja kiangazi kama hiki chetu, nyasi zimekauka mpaka ukizikanyaga zinalia. Kijiji kikatangaza: mtu asichome shamba, kila kaya ifyeke kuzunguka nyumba, na la mgambo likilia, wote wakimbilie uwanja wa shule. Siku hiyohiyo mkwe akaja kukiambia kinu. Mama hakupuuza. Alifyeka mbele ya nyumba, na alipokwenda kwenye sala ya jumuiya, mkwe akaja akamfyekea nyuma, akaondoka kabla hajarudi. Watu hawa mngewalaumu kwa lipi? Habari walikuwa nazo, na walijiandaa.

Mchana mmoja upepo ukageuka. Moto uliokuwa ng'ambo ya korongo ukavuka, la mgambo likalia. Binti alikuwa amempeleka mtoto kliniki. Mkwe akatupa jembe, akakimbia hadi langoni, akageuza mgongo kama ilivyo adabu, akapaza sauti: "Ee kinu! Mwambie mama moto umevuka! Atoke sasa hivi!"

Mama alisikia. Alikuwa ameshajifunga kanga kiunoni. Lakini ua ule umezungukwa na minyaa, lango ni moja tu, na langoni amesimama mkwe. Angepitaje ubavuni mwake? Akaita kutoka jikoni, "Kinu, mwambie baba anipishe, nipite!" Upepo ukaichukua sauti yake, mkwe hakusikia kitu. Aliogopa kuondoka, asije akamwacha. Aliogopa kugeuka, asije akamvunjia heshima. Mama naye alisimama nyuma ya mlango, aibu imeishinda hofu, akingoja asogee. Huyu anangoja atoke, yule anangoja apishwe. Kila mmoja anamheshimu mwenzake, na moto unakuja.

Cheche ikaangukia paa la nyasi.

Mama akachuchumaa, akajifunika kanga uso mzima. Akasikia mlango unasukumwa, na chini ya upindo wa kanga akaiona miguu ya kiume, ina vumbi, imesimama mahali ambapo haikuwahi kukanyaga. "Kinu," akasema akikohoa, "mwambie baba atoke, asinione hivi."

"Mama," mkwe akamjibu, naye karibu analia, "kinu hakina miguu. Panda mgongoni."

Akambeba mpaka uwanja wa shule, na njia nzima mama hakuifunua ile kanga.

Jioni moto ulipotulia walirudi. Jikoni pamebaki majivu, na kinu kimekuwa kaa. Wakasimama pale wawili, hawana tena wa kumtuma. Ndipo mama akaishusha kanga, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. Akamtazama sana.

"Kumbe umeota mvi, mwanangu," akasema, "na mimi sijui."

Yule baba mzima akaangua kilio.

Wapendwa, sisemi heshima ni mbaya. Lakini sisi, mara ngapi tumekiambia kinu, tukaondoka tukijisifu kwamba tumefikisha? Tangazo la moto likiingia kwenye simu yako, unamtumia nani? Si walewale wenye simu? Na yule bibi wa kule bondeni, asiye na simu wala redio, nani anamwambia? Na yule jirani mliyenuniana naye tangu Pasaka? Unasema, "Atasikia kwa wengine." Hao wengine ndio kinu chako. Na wewe unayeitwa, unayengoja upishwe vizuri, unayeona haya kukimbia na kanga ya jikoni: ukiambiwa toka, toka. Aibu ya leo tutaicheka pamoja kesho.

Hata Mungu wetu alituma maneno kwa manabii miaka mingi, kama aliyesimama langoni. Alipoona paa limeshika, aliingia mwenyewe.

Upepo wa asubuhi hii mmeuona. Kwa hiyo sala ya mwisho nitaifupisha. Ukitoka hapa, kabla hujaenda kula, pita kwa mtu mmoja ambaye unajua hajaambiwa. Usipige hodi ukaondoka. Ingia, mshike mkono, tembea naye mpaka ajue njia ya uwanjani. Kinu hakina miguu, wapendwa, ninyi mnayo. Simameni tuombe, mpate kwenda.