Chungu Chenye Tawi

Hebu fumba macho kidogo. Ona uwanja mpana wa udongo mwekundu juu ya kilima, asubuhi. Mikeka imetandikwa safu kwa safu. Juu yake kuna mtama, karanga, chumvi, samaki wakavu, na vyungu vipya ambavyo bado vinanukia moshi. Kila kitu kipo, ila mtu hata mmoja hayupo. Ishike picha hiyo, maana tutairudia.

Nchi ile ilikuwa ya Mtemi Lugwisha, na soko lake lilijulikana hata kwa watu wa mbali kwa desturi zake mbili. Ya kwanza ilikuwa ngoma. Hakuna aliyetandika mkeka kabla Mtemi hajapiga ngoma kubwa kwa mikono yake mwenyewe. Ngoma ikilia, nchi nzima inapanda kilima kwa pamoja, na kwa kelele zile utadhani ni harusi.

Desturi ya pili ilikuwa nyongeza. Muuzaji akishapima pishi ya nafaka na kuisawazisha kwa kiganja, ilimpasa achote ukufi mmoja tena, ujazo wa kiganja, amwongezee mnunuzi. Asiyetoa nyongeza alisemwa hata na wajukuu zake.

Mwaka mmoja ukaingia ugonjwa wa kifua. Ulipita kwa pumzi, kutoka kwa mtu hadi mtu, na palipokuwa na watu wengi ndipo ulipostawi. Watu walishuka kutoka sokoni wamebeba chumvi na karanga, na bila kujua wakabeba na ugonjwa. Makaburi mapya yakaanza kuonekana nyuma ya nyumba.

Tabibu wa nchi, mama mmoja aliyeitwa Bi Nkwimba, alikwenda kwa Mtemi akasimama mbali, kitambaa kikiwa kimefunika pua na mdomo.

"Baba," alisema, "usiipige ngoma."

Mtemi alimsikiliza. Soko likafungwa, na kweli ugonjwa ukapunguza mwendo. Lakini mfinyanzi hana shamba. Chakula chake hutoka kwenye chungu alichouza. Mchemsha chumvi naye hawezi kuwapa watoto chumvi tupu wakashiba. Baada ya muda, jiko moja likakosa moshi, kisha la jirani, kisha la jirani wa jirani. Ng'wandu, mkuu wa soko, akapanda kwa Mtemi naye.

"Baba, ipige ngoma," alisema. "Anayekohoa unamsikia. Mwenye njaa hata sauti hana."

Bi Nkwimba alikuwepo, upande wa pili wa ua.

"Ukiipiga, Ng'wandu atauza, mimi nitazika," alisema.

"Asipoipiga utazika vilevile, ila utawazika wakiwa wepesi zaidi."

"Una ulimi wewe."

"Na wewe una ghala. Ndiyo maana huna haraka."

Mtemi aliwaangalia wote wawili. Alipomsikiliza tabibu, alimwona ana haki. Alipomsikiliza mkuu wa soko, akamwona ana haki. Jambo hilo lilimchosha kuliko ugomvi wowote aliowahi kuamua, kwa sababu katika ugomvi kwa kawaida kuna mmoja anayedanganya, na hapa hakuna aliyekuwa anadanganya.

Basi akaamua kuiuliza nchi.

"Kila nyumba ilete alama moja langoni pangu," alitangaza. "Anayetaka soko lifunguliwe, alete chungu kitupu. Anayetaka liendelee kufungwa, alete tawi la mwarobaini. Mje mmoja mmoja, na msisogeleane. Kilicho kingi ndicho nitakachokifuata."

Ng'wandu alifurahi. "Bi Nkwimba, lango litajaa vyungu. Hayo matawi yako utawapa mbuzi."

"Sawa," alisema Bi Nkwimba. "Na wewe uombe mbuzi hao wabaki na wa kuwachunga."

Siku ilipofika, Mtemi alikaa nyuma ya ua wa matete karibu na lango, mahali anapoona bila kuonekana. Wa kwanza kufika alikuwa Nyamizi, mfinyanzi anayekaa bondeni, nyumba ya mwisho kabisa. Alikuwa amebeba chungu kitupu, na ndani ya chungu amesimamisha tawi la mwarobaini.

Mlinzi wa lango akamzuia. "Mama, Mtemi ameagiza alama moja."

"Hii ni moja."

"Naona mbili, chungu na tawi."

"Mwanangu, nyumba yangu ni moja," alisema Nyamizi. "Mume wangu amelala chumbani, anakohoa. Watoto wamekaa jikoni, wananitazama mikononi. Nikiacha tawi, nimewasahau wa jikoni. Nikiacha chungu, nimemsahau wa chumbani. Niambie wewe, nimwache nani hapa langoni?"

Mlinzi alisogea kando, naye Nyamizi akakiweka chungu chake chini, akaondoka.

Nyuma ya ua, Mtemi alijisemea kwamba huyo ni mmoja, aliyeelemewa kuliko wengine. Akasubiri wa pili.

Wa pili alikuja na chungu, na ndani yake tawi. Wa tatu pia. Baadaye akaja mzee mmoja mkali, asiyekubaliana na mtu kwa jambo lolote, naye mkononi alishika chungu chenye tawi. Hawakuwa wamekubaliana, maana hakuna aliyekuwa akimtembelea mwenzake siku zile. Kila mmoja alikuwa ameliwaza kwake, mlango ukiwa umefungwa.

Jua lilipokuwa juu, Mtemi alitoka nyuma ya ua, akawaita Ng'wandu na Bi Nkwimba. Ukuta wa boma ulikuwa umezungukwa na vyungu kutoka kona hadi kona, na kila chungu kilikuwa kimeota tawi. Ilikuwa kama msitu mdogo umechipuka asubuhi moja. Mtemi alivua kofia yake. Hakujua kwa nini aliivua. Mkono ulikwenda wenyewe.

Bi Nkwimba akainama mbele ya chungu kimoja chenye mistari miwili myeusi shingoni. "Hiki si cha nyumbani kwangu?" aliuliza taratibu. "Mama yangu ndiye aliyekileta. Kumbe ghala limekwisha, na hakuniambia."

Ng'wandu hakumcheka. Naye alikuwa amekitambua chungu cha kwake, na tawi ambalo mkewe alikuwa amelitia ndani. Mwanawe mdogo alikuwa ameanza kukohoa asubuhi ile.

"Mliniuliza nichague nani afe," Mtemi aliwaambia, "na mimi nikaenda kuwauliza watu swali hilohilo. Wao wamekataa kulijibu. Sasa kaeni chini, mmoja huku na mmoja kule, mnitafutie swali jingine."

Wakakaa. Ng'wandu aliijua mikeka, na Bi Nkwimba aliijua pumzi. Walibishana, wakakatizana maneno, wakachora chini kwa vijiti na kufuta, na hatimaye wakakubaliana. Ngoma ingelia, lakini isingeiita nchi nzima. Mikeka ingetandikwa alfajiri na mali ya kuanzia, kisha kila mlio ungeita nyumba moja tu. Mtu angepanda, aweke mali yake juu ya mkeka, achukue anachohitaji kwa kadiri ya alichokiweka, kisha ashuke kwa njia nyingine. Akishashuka ndipo mlio mwingine usikike. Hapangekuwa na muuzaji wa kukaa, wala wa kupima.

"Kitu kimoja kinanitisha," alisema Ng'wandu. "Soko lisilo na macho. Wa kwanza watakomba kila kitu. Wa mwisho atakuta mikeka mitupu."

"Na wa mwisho ni nani?" aliuliza Mtemi.

"Nyamizi wa bondeni. Tunafuata njia, na nyumba yake iko mwisho wa njia."

Mtemi akasema, "Nitaipiga ngoma mwenyewe, na nitaangalia. Lakini sitamzuia mtu."

Na sasa turudi kwenye ile picha yetu: uwanja mwekundu, mikeka, mali, na hakuna mtu. Mtemi yuko kwenye jukwaa la ngoma, mbali kidogo. Anapiga mara moja. Mtu anapanda, anaweka, anachukua, anashuka. Anapiga tena.

Alipiga hivyo kutwa nzima. Viganja vikavimba. Kutoka kule jukwaani aliona migongo ikiinama na kuinuka, lakini hakuweza kuona ni kiasi gani kinachobaki. Jua lilipoanza kuinama, kila mlio ulimwogopesha. Alimfikiria mwanamke wa bondeni, na watoto wanaotazama mikono.

Akapiga mlio wa mwisho.

Nyamizi akatokea na vyungu vyake kichwani. Alivipanga juu ya mkeka, akageuka kutazama soko, akasimama pale kwa muda mrefu bila kusogea. Mtemi hakuvumilia. Alishuka jukwaani, akasogea mpaka pale Bi Nkwimba alipokuwa ameruhusu mtu asogee, akatazama alichokuwa akikitazama yule mama.

Mikeka haikuwa mitupu. Kwenye kona ya kila mkeka palikuwa na kichuguu kidogo: cha mtama, cha karanga, cha chumvi. Kila aliyepita alikuwa ameacha nyongeza. Hakukuwa na muuzaji wa kumdai wala jirani wa kumsema, naye aliiacha tu, kwa ajili ya mtu asiyemwona. Na kwa sababu nyumba zilikuwa nyingi, kufi zile zilikuwa zimekuwa vichuguu.

Nyamizi alichukua haki ya vyungu vyake, akajaza kapu. Akafika mwisho wa safu, akasita, akarudi. Alifungua kanga kiunoni, akatoa kichungu kidogo cha kuchezea watoto, akakiweka kwenye kona ya mkeka wake. Hapakuwa na mtu mwingine wa kupanda baada yake siku ile. Alikiacha hivyohivyo.

Mtemi Lugwisha aliketi chini, kwenye vumbi, na mikono yake iliyovimba akaiweka mapajani. Alikuwa ametawala watu wale miaka mingi, na alidhani anawajua.

Ugonjwa haukuondoka kwa siku moja. Wapo ambao hawakupona, na nchi ile bado inawataja kwa majina. Lakini mume wa Nyamizi alinyanyuka kitandani, mwana wa Ng'wandu akaacha kukohoa, na majiko ya bondeni yakatoa moshi tena.

Funzo: Uhai wa watu na riziki yao haviwekwi kwenye mizani ili kimoja kishinde, kwa maana vyote viwili vinakaa katika nyumba moja; anayeongoza atafute njia ya kuvilinda vyote, na anayeongozwa aache nyongeza kwa ajili ya atakayekuja nyuma yake. Mpelekee mwenzako kisa hiki, na hata ukiyasahau mengine yote, tafadhali kumbuka kile chungu kitupu chenye tawi ndani yake.