Hakimu Mstaafu na Gemu la Binti Yake

Wazazi wenzangu, hii nimeletewa asubuhi, nami nimeshindwa kukaa nayo peke yangu.

Hakimu mstaafu Mwambungu, wa Tukuyu, alikuwa na binti mtengenezaji wa magemu ya kompyuta, jina lake Sekela. Siku moja binti alimletea gemu lake la kwanza, gemu la mahakama. Anayecheza ndiye hakimu.

"Licheze, Baba. Jumamosi nitakuja uniambie ukweli mtupu."

Mzee alilicheza siku tatu, kalamu mkononi, kama alivyozoea kuandika mwenendo wa kesi. Na kasoro zilikuwepo, tusidanganyane. Askari alipenya ukutani. Shahidi aliapa mara mbili. Kesi ya pili haikuwa na kichwa wala miguu. Mzee aliorodhesha kasoro arobaini na moja, na wala hakuona haya.

Kesi ya tatu ilimchoma. Kijana ameshtakiwa na baba yake kwa kuchoma jalada la kesi lililoletwa nyumbani. Kiberiti kimekutwa mfukoni mwake. Hayo yaliwahi kutokea nyumbani kwa mzee mwenyewe. Mwanawe mkubwa, Ambakisye, alifukuzwa kwa kosa hilo, akafia migodini bila kurudi.

Palikuwa na kitufe kimeandikwa "Msikilize mshtakiwa". Mzee alikiruka haraka, akabonyeza "Ana hatia". Gemu likaisha. Akaandika: "Kesi ya tatu ni fupi mno."

Jumamosi Sekela aliisoma orodha yote.

"Ni kweli, Baba, nitarekebisha. Lakini kesi ya tatu si fupi. Hukumsikiliza?"

"Ushahidi ulitosha."

"Hata siku ile ulisema hivyo hivyo."

Mzee alikunja uso. "Kama umekuja kunihukumu mimi baba yako, sema!"

Sekela alirudisha kesi ya tatu, akabonyeza kile kitufe. Kijana wa kwenye kioo akainua uso, akasema:

"Baba, kiberiti nilimnyang'anya mdogo wangu. Alikuwa anawasha jiko kwa karatasi zako, nikahofia asije akaungua."



"Mdogo wake ni mimi," Sekela alisema huku akilia. "Nilikuwa na miaka sita. Kaka alikuomba umsikilize, ukakataa. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nikanyamaza. Sikuja kukuhukumu, Baba. Nimekuja kukiri."

Mzee alikaa kitini. Maelfu ya washtakiwa wasiomhusu aliwauliza kama wana la kusema kabla ya hukumu. Mwanawe wa kumzaa hakumuuliza, na sasa hayupo wa kuombwa radhi. Aliumia kupita alivyoumia siku ya msiba.

Alimshika binti yake mkono.

"Bonyeza tena, mwanangu. Nimsikilize mpaka amalize."

Funzo: Hata ushahidi ukitosha, msikilize mwanao angali hai, maana kaburini hakuna rufaa.