Rimoti Katika Kapu la Mama Fridolini

Aliyetangulia kuona hucheka peke yake. Maneno haya mmeyasikia asubuhi, Nestori alipofungua picha za harusi ya dada yake wenzake wakiwa bado wanapiga mswaki, akaja jikoni anacheka na asipate wa kucheka naye. Shangazi yenu akamtupia methali, nanyi mkanijia mbio kuniuliza imetoka wapi. Basi kaeni. Ni methali changa, mwenyewe ninaijua ilipozaliwa. Ilizaliwa hapa hapa Mbinga, nyumbani kwa Mzee Osmundi Ndunguru, na mambo yalikuwa hivi.

Mzee Osmundi alikuwa mpima mizani wa chama cha ushirika. Kwa miaka thelathini na mmoja kahawa ya vijiji vyetu ilipita mbele yake gunia kwa gunia, na sijamsikia mkulima aliyesema amepunjwa. Kazi ile ilimwingia damuni. Hata baada ya kustaafu, magoti yalipoanza kumgomea, hakukubali jambo wala kulikataa kabla hajalipima kichwani, huku na huku. Mkewe, Mama Fridolini, fundi cherehani wa pale sokoni, alikwisha kumzoea. Alipenda kuwaambia wateja wake kwamba hata yeye alipimwa misimu miwili ya kahawa ndipo posa ikaletwa.

Watoto walipoondoka mmoja mmoja, nyumba ilipoa. Kilichoichangamsha ni tamthilia. Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, wazee wale walikaa mbele ya runinga kutazama habari za familia moja ya wauza mazulia wa ng'ambo, watu waliotiwa sauti za Kiswahili safi kuliko cha diwani wetu. Ilionyeshwa sehemu moja tu kwa siku, na utamu wenyewe ulianza ilipokwisha. Mama Fridolini alisema binti mkubwa atamsamehe baba yake. Mzee alisema hamsamehi ng'o. Walibishana hadi usingizi ukawachukua, wakaamka na ubishi wao, na kesho yake jioni aliyeshindwa ndiye aliyepika chai. Mzee aliupenda ubishi ule kuliko alivyojua mwenyewe.

Tatizo lilikuwa dishi. Mnaijua mvua ya huku kwetu: ikishuka, picha inakatika vipande vipande, na siku nyingine kifurushi kinaisha binti akiwa amefumbua mdomo kusema neno. Fridolini, kifungua mimba wao, mwalimu kule Songea, alipokuja likizo akawashauri waachane na king'amuzi, wavute intaneti. Alisema tamthilia yote imo humo, mwanzo hadi mwisho, nao wataifungua saa waitakayo.

Mzee akapima siku tatu. Upande wa king'amuzi aliweka misa ya Jumapili, taarifa ya habari na mpira. Kisha akaziangalia zile chaneli zaidi ya mia zilizokuja katika kifurushi hicho hicho, nyingine za lugha ambazo hata paroko hakuzijua, akaziona ni sawa na mawe ndani ya gunia: uzito upo, kahawa hamna. Upande wa pili aliweka kwamba intaneti haiogopi wingu, na kwamba unalipia unachokitazama. Juu yake akaweka neno moja lililomlevya, kwamba hakuna kusubiri. Mizani ikaelemea huko. Mama Fridolini alipoulizwa, alisema yeye shida yake ni kujua kama yule binti atasamehe.

Vifaa vikafungwa, dishi likabaki juu ya bati la kupumzikia njiwa. Wazee wakakubaliana kwamba utaratibu ni ule ule, sehemu moja kila jioni, na Mzee akalishika agano hilo siku nne nzima. Siku ya tano mvua ilinyesha tangu asubuhi. Mama Fridolini alikuwa sokoni, magoti yanauma, na rimoti ipo mezani, inamwangalia. Mzee akajiambia ataonja kidogo tu. Waswahili wanasema mwonja asali haonji mara moja. Kabla wiki haijaisha, yule mzee ambaye hakuwahi kuongeza hata punje kwenye mizani ya mtu alikuwa ameimaliza tamthilia yote mchana mchana, kwa siri.

Jioni akawa nabii. Alisema mpwa ataiba hati ya duka, na mpwa akaiba. Alisema mchumba atarudi Ijumaa, akarudi Ijumaa. Mama Fridolini akapika chai jioni sita mfululizo, akisifia akili za mume wake, na Mzee akainywa. Nawaambia ukweli, kwa jioni mbili za kwanza ile chai alisikia utamu wake. Baadaye utamu ukaisha, kwa sababu mwenzake alikuwa bado anabisha kwa moyo wote, na yeye alikuwa anaigiza.

Jioni ya saba walifika mahali ambapo mjomba, mtu mwenye majivuno, anatumbukia katika pipa la rangi ya kutia mazulia. Mzee alikumbuka kitakachokuja, akaangua kicheko. Lakini kwenye kioo mjomba alikuwa ndiyo kwanza anavaa kanzu yake mpya. Mama Fridolini akaacha kutazama runinga, akamtazama mumewe.

"Baba Fridolini, unacheka nini?"

"Huyo mjomba."

"Mjomba anavaa nguo." Akangoja. Kwenye kioo, mjomba akatumbukia, na hapakuwa na aliyecheka. "Umefika wapi wewe?"

Mzee angeweza kudanganya, lakini hakuzoea. "Nimemaliza."

Mama Fridolini hakugomba. Aliokota kitambaa alichokuwa akikipinda, akasema ana sare za kwaya za kumalizia, akaingia chumbani. Kesho yake pia alikuwa na sare, na keshokutwa. Mzee akabaki na runinga iliyojaa kila kitu, akafungua hiki na kile, na hakuna kilichomshika. Aliona uchungu. Aliona pia aibu, maana alielewa kwamba alimpunja mtu aliyemwamini kuliko wakulima wote.

Jioni ya nne alipika chai yeye mwenyewe, akaipeleka chumbani kwa mwendo wa magoti yale, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mama Fridolini, nilipima vibaya. Kuna gunia nililiacha chini."

"Gunia gani?"

"Kukusubiri. Nilidhani ni hasara, nikalitoa. Kumbe ndilo lililokuwa na kahawa."

Mama Fridolini alikata uzi kwa meno. "Nawe ulicheka vizuri siku ile?"

"Nilicheka vibaya."

"Ndivyo. Aliyetangulia kuona hucheka peke yake." Kisha akainywa chai, akasema ina sukari kidogo.

Fridolini alipopigiwa simu alidhani ataambiwa arudishe king'amuzi. Mama yake akakataa. Alisema dishi liliwasubirisha kwa lazima, na sasa watu wazima hawa watasubiriana kwa hiari. Wakachagua tamthilia nyingine wasiyoijua wote wawili. Asubuhi yake Mama Fridolini akaichukua rimoti, akaitia katika kapu lake pamoja na mkasi na futi ya kupimia, akaenda nayo sokoni. Mafundi wenzake wakacheka hadi wakashika mbavu, nao ndio walioisambaza methali.

Mwezi mmoja baadaye Mama Fridolini alifiwa na dada yake kule Nyasa, akakaa matangani siku tano, na rimoti ikiwa kapuni mwake huko huko. Fridolini akampigia baba yake kumpa pole ya upweke, akamweleza kwamba runinga ile inawashwa hata kwa simu, amfundishe sasa hivi.

"Najua," Mzee akasema. "Kijana wa jirani alinionyesha juzi."

"Sasa mbona hutazami, baba?"

"Mama yako hajarudi."

Alirudi siku ya sita jioni, amechoka, macho yamevimba. Hakutoa rimoti. Alikaa tu, na Mzee akakaa karibu yake, runinga imezimwa, hadi chai ikapoa. Jioni ya pili yake vilevile. Jioni ya tatu Mama Fridolini akaingiza mkono kapuni, akawasha mwenyewe, na katikati ya kipindi kuna mbuzi aliyekula barua ya posa. Mama Fridolini akacheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Mzee akacheka naye, na hakujua kama mbuzi yule atakamatwa.

Haya, Nestori, kawaite wenzako, mzifungue hizo picha upya. Aliyetangulia kuona hucheka peke yake.