Nyati Mwenye Mkia wa Simba

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majumba na majiko na wakwe wa kuwasumbua kama sisi, mfalme Simba mzee alikufa. Msisikitike, wanangu. Hakuna aliyemlilia. Alikuwa bahili, na alimshuku kila mtu mpaka kivuli chake mwenyewe.

Kila mavuno aliwatuma watumishi wake wawili nyumba kwa nyumba kuchukua fungu la mfalme. Fisi alisimama mlangoni kutisha watu. Nguchiro, kwa kuwa ni mdogo na mwembamba, aliingia mashimoni kutafuta kilichofichwa. Ukificha mtama chini ya kitanda, anao. Ukiuficha chini ya bibi mgonjwa, anamsogeza bibi taratibu na kuuchukua.

Basi akatawala mwanawe. Huyo ndiye kijana sasa! Mrefu, manyoya yanang'aa, sauti ya kuimba anayo, zeze anapiga, mieleka anacheza tangu asubuhi. Kila aliyeshikana naye alianguka, pu, hata kabla hajakamatwa vizuri. Alimwoa mjane wa marehemu kaka yake kwa harusi iliyosimuliwa mwaka mzima. Alitaniana na wakubwa na wadogo, na mji ukashusha pumzi.

"Huyu si kama baba yake," watu wakasema. "Huyu ana moyo."

Jambo la kwanza alilolifanya huyo mwenye moyo ni kuwafunga Fisi na Nguchiro. Akatangaza kwamba siku ya sherehe kubwa, jua likishuka, watauawa uwanjani kwa dhuluma waliyowafanyia raia. Vigelegele vikapigwa mji mzima. Maghala ya baba yake yalikuwa yamejaa mtama uleule uliodhulumiwa, lakini hayakufunguliwa, na hakuna aliyeuliza. Mimi ningeuliza. Au pengine nisingeuliza, maana watu walikuwa na furaha mno.

Nguchiro alikuwa na binti, jina lake Chiku. Kadogo, kepesi, kenye mdomo usiolala. Siku ya sherehe asubuhi Chiku akampelekea baba yake uji gerezani.

"Baba, wanayoyasema ni kweli?"

"Ni kweli."

"Lakini ulitumwa."

"Nilitumwa," Nguchiro akasema. "Ila usinisafishe sana, mwanangu. Siku nyingine nikitoka shimoni na kikapu kimejaa, nilijiona hodari."

Chiku akakoroga uji.

"Nitakutoa," akasema mwishowe.

"Kwa nguvu gani? Mji mzima unanichukia, na una haki."

"Mimi sikuchukii. Kunywa uji."

Sasa tulieni, nyie wa nyuma, maana hapa ndipo penye mchezo. Yule mfalme kijana alipenda sana kujigeuza. Katikati ya sherehe hutoweka, kisha hurudi amejifunika ngozi ya nyati, pembe kichwani, akicheza ngoma kama mgeni aliyetoka mbali. Mkia wake wa simba, na kishungi chake, unaning'inia nyuma kweupe. Na desturi ya jumba lile ilikuwa kwamba hakuna kumjua. Watu humkaribisha mgeni, humsifu mgeni, na siku zote husema hawajui katokea wapi. Akivua ngozi, wote hushangaa. Malkia alishangaa vizuri kuliko wote. Alishika kifua na kukaa chini, kila mara, maskini.

Twiga aliwahi kusema, "Mtukufu, mkia umetokeza." Hakualikwa tena kwenye karamu yoyote.

Chiku akawaza: nikimwomba mfalme, atanifukuza. Lakini mgeni hawezi kunifukuza, maana si kwake. Nikimsemesha mgeni, itambidi anijibu kama mgeni, la sivyo ataharibu mchezo wake mwenyewe. Basi mgeni huyo nitamwapisha mbele ya watu wote.

Ilikuwa akili nzuri. Hata mimi naisifu.

Alasiri uwanja ukajaa. Ndu-ndu-ndu, ngoma zikalia, na nyati akaingia akirukaruka. Watu wakasema, jamani, mgeni gani huyu, anacheza kama nani sijui. Chiku akajipenyeza kati ya miguu ya Tembo mpaka mbele.

"Karibu, mgeni. Umetoka mbali?"

"Mbali sana," nyati akajibu kwa sauti nzito ya kubuni. "Hebu niambie, mfalme wenu yukoje?"

"Mzuri kukupita wewe. Usikasirike."

Watu wakacheka. Ule mkia ukatikisika kwa raha.

"Ana nguvu?"

"Hajaangushwa hata mara moja."

"Na huruma anayo?"

"Hiyo wanasema anayo," Chiku akajibu. "Mimi sijaiona. Mfalme mmoja alimtuma baba yangu, na mfalme mwingine anamuua kwa kutumwa huko. Na mtama bado uko ghalani."

Ngoma zikakatika. Tembo akatazama juu, kana kwamba mawingu yamemwita. Nyati akasimama. Kunguruma hakuweza, kwa sababu nyati hangurumi.

"Wewe naona ni muungwana," Chiku akaendelea. "Ungekutana na mfalme wetu, ungemwombea baba yangu?"

Macho yote yakamwelekea nyati. Na yule kijana, wanangu, hakupenda kitu duniani kama kupendwa.

"Ningemwombea," akasema.

"Apa."

"Naapa mbele ya hawa wote. Nikimwona mfalme wenu, nitamwomba amwachie baba yako."

Minong'ono ya kupendezwa yakapita uwanjani. Hata wale walionyang'anywa mtama waliitikia kwa kichwa. Nyati akavua ngozi, fyu, akaitupa chini, na hapo kila mtu akafanya kazi yake. Wakashangaa. Malkia akashika kifua na kukaa.

Chiku akapiga magoti. "Nisamehe, Mtukufu, sikukujua. Lakini uliapa, na wote wamesikia."

Mfalme hakukasirika hata kidogo. Alicheka, akampapasa kichwani kama mtoto.

"Una akili wewe. Nawapenda wenye akili." Kisha akaugeukia umati. "Mgeni aliapa kumwomba mfalme, au siyo?"

"Ndiyo," watu wakaitikia.

"Basi mgeni asiwe mwongo."

Akaiokota ile ngozi, akaweka pembe kichwani, akakigeukia kiti chake kitupu na kuinama. "Ewe mfalme, nakuomba umwachie mzee Nguchiro."

Akaitupa tena ngozi. Akapanda, akakaa kitini, akanyoosha manyoya yake bila haraka.

"Nimekusikia, mgeni," akasema. "Nimekataa."

Mtu mmoja akacheka. Akafuata wa pili, halafu kicheko kikaenea uwanja mzima, na vigelegele juu yake. "Ana vichekesho mfalme wetu!" Wale walioitikia kwa kichwa sasa hivi ndio waliocheka mpaka wakashika mbavu. Chiku alitafuta uso mmoja usiocheka. Akauona wa Malkia tu, aliyekuwa bado amekaa chini, akitazama mikono yake.

Jua likashuka. Wakaletwa Fisi na Nguchiro, wamefungwa kamba. Nguchiro alipopita karibu na binti yake, akauliza kwa sauti ya chini:

"Nilisikia watu wanacheka. Kuna nini?"

"Mfalme amefanya mzaha, baba."

"Mzuri?"

"Wamecheka wote," Chiku akasema, na akaushika mkono wake mpaka walinzi walipomwachisha.

Wanangu, ukijiingiza katika mchezo wa mwenye nguvu, hata uwe mjanja kiasi gani, wa kusema nani ameshinda ni yeye.